Waliotapeliwa wasinyamazishwe

Katika mtaa wa Lucky Summer, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Eastlands jijini Nairobi, mzazi aliyepoteza karo kwenye biashara ya sarafu za mtandaoni aghalabu hamwambii mtu. Anachelea kuchekwa. Ataambiwa kwamba tamaa ndiyo iliyomponza, na kwamba mwenye akili timamu hamkabidhi pesa mtu asiyemjua.

Lawama hizo twazipinga, ingawa nasi tumewahi kuwacheka. Aliyemwingiza kwa kawaida ni mtu anayemjua vyema: jirani, mwenzake katika chama, pengine mwalimu wa mtoto wake. Matapeli hawa huanza kwa kuwalipa wachache bila kukosa, kwa pesa zinazoletwa na wanaofuata. Hao wachache huwa mashahidi wa kweli, kwa maana wamepokea. Kisha malipo yanakawia. Watu wanaambiwa mitambo inakarabatiwa. Wengine wanatakiwa kulipa ada ili akaunti zao zifunguliwe. Hatimaye simu hazipokelewi.

Nchini Uganda, kampuni ya Dunamiscoins iliahidi faida ya hadi asilimia 40, kisha ikafunga milango ghafla mwishoni mwa 2019. Zaidi ya watu 4,000 waliripotiwa kupoteza takriban shilingi bilioni 10 za nchi hiyo. Hapa Kenya, Benki Kuu ilitoa onyo kuhusu Bitcoin mnamo Desemba 2015, lakini sheria ya kusimamia biashara ya aina hii ilitiwa saini mwaka 2025. Miaka kumi ni muda mrefu mno wa kumwachia mwananchi ajilinde mwenyewe.

Enyi walimu, hesabu ya riba mwaifundisha kila muhula. Mpeni mwanafunzi shilingi 1,000 aziongeze kwa asilimia 40 kila mwezi, kwa miezi 12. Atapata zaidi ya shilingi 56,000. Kisha mwulizeni ni duka, shamba au matatu gani mtaani iwezayo kuleta faida ya kiasi hicho.

Zoezi hilo halitarudisha karo ya mtu. Aliyeibiwa na aende kituo cha polisi na jumbe za malipo zilizomo katika simu yake, aandikishe malalamiko na adai nambari ya OB. Na mwalimu aliyewaingiza wenzake bila kujua aandamane nao, kwa kuwa yeye ndiye anayekumbuka ni nani aliyemwingiza.