Andikeni kwenye gunia

Mwaka wa 2014, ngano ikiwa imebakiza wiki chache kukauka, shemeji yangu alinipigia simu kutoka shambani kwake huko juu ya Njoro, Kenya. "Njoo, lakini usivae suruali nzuri." Nilikatiza shamba kutoka ua mmoja hadi mwingine, na nilipotokea upande wa pili mapaja yangu yalikuwa na rangi ya matofali. Vumbi lile lilitoka kwenye mabua, mahali malengelenge ya kutu ya shina yalikuwa yamepasua ngozi. Mbegu ilikuwa Robin. Aliyemshauri aipande ni mimi, tena nilimwambia kwa kinywa changu kwamba haishikwi na kutu.

"Shemeji, sasa hii ni nini?"

Nilisema nitauliza ofisini. Nilikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani wakati huo. Sasa nimestaafu, na naweza kumjibu vizuri zaidi.

Robin ilipotolewa 2011 haikuwa mbegu mbaya. Ilibeba jeni moja kali, SrTmp, ambayo kutu zilizokuwa zikipeperuka huku hazikuweza kuipita. Ndani ya miaka mitatu zikapatikana zinazoweza. Wala mambo hayo hayakuwa mageni kwetu. Mbegu ya Mwamba ilitegemea jeni nyingine, Sr24. Mwaka wa 2006 kutu iliyoishinda jeni hiyo ikaonekana Kenya, na 2007 Mwamba ikateketea mashambani. Ukoo wenyewe wa kutu hizi uligunduliwa Uganda 1998 na ukapewa jina la Ug99 mwaka uliofuata. Uliishinda Sr31, jeni iliyotolewa kwenye rai, nafaka ya mikate myeusi ya Ulaya, ambayo ngano nyingi duniani zilikuwa zimejikinga nayo kwa miongo kadhaa. Kufikia 2007 Ug99 ilikuwa imeonekana Yemen na Iran.

Chuoni tulifundishwa kwamba kutu, ambayo ni kuvu, hubadilika kwa makosa madogo madogo ya kunakili jeni, au kwa kujamiiana juu ya kichaka kiitwacho baberi. Mwaka wa 2019 watafiti, wakiwemo wa Australia, Marekani na Afrika Kusini, walisoma jeni zote za Ug99 wakakuta jambo jingine. Seli ya kutu ina viini viwili, kila kimoja na seti yake kamili ya jeni. Kiini kimoja cha Ug99 karibu ni kilekile cha kutu ya zamani iliyojulikana kusini mwa Afrika na, tangu miaka ya 1950, Australia. Cha pili kilitoka kwingine. Maana yake kutu mbili zilikutana kwenye mmea mmoja, nyuzi zao zikaungana, zikabadilishana kiini kizima bila kujamiiana kokote. Kama matatu mbili zilizobadilishana injini usiku stejini, asubuhi moja inapita na kasi ambayo dereva wa jana hakuwa nayo.

Na iko njia nyepesi kuliko hiyo. Jeni ya kinga kwenye ngano kazi yake ni kutambua protini fulani ya kuvu, kama bawabu anayemjua mwizi kwa kovu usoni. Mwaka wa 2017 wanasayansi walionyesha kutu iliyoishinda jeni ya Sr35 ilifanyaje: kipande cha DNA kinachorukaruka kilijichomeka katikati ya jeni inayotengeneza protini ile, kikaiharibu. Kovu likafutika. Ajali moja ya namna hiyo inatosha, kwa sababu sisi tumepanda bawabu yuleyule ekari baada ya ekari.

Haya yote shemeji hakuambiwa na mtu, nami simo katika wasio na lawama. Gunia lake lilikuwa na jina la mbegu, uzito na onyo kuhusu dawa iliyopakwa. Halikusema mbegu inasimama kwa jeni moja au nne.

Kuna kinga za aina nyingine. Sr2 ilihamishwa kutoka ngano ya kale iitwayo emma hadi ngano ya mkate huko Marekani miaka ya 1920, na hadi leo inasaidia. Haimfukuzi mgeni, inamchelewesha. Peke yake huzidiwa kutu inapochachamaa, ila ikichanganywa na nyingine za tabia yake, utaona madoa, utanung'unika, na utavuna. Sisi maafisa hatukuipenda. Tulipenda shamba safi lisilo na doa, hasa siku ya maonyesho mheshimiwa anapokuja.

Nimeambiwa kwamba habari za jeni zikiandikwa kwenye gunia, mkulima hataelewa herufi na namba. Mkulima huyuhuyu anayeagiza mbegu ya mahindi ya H614 dukani, anayejua tofauti ya mbolea za DAP na CAN, na anayekumbuka dawa gani ya kuvu alipuliza msimu wa juzi? Ataelewa.

Habari yenyewe ipo karibu. Kituo cha utafiti wa ngano cha Njoro kilianzishwa 1927, baada ya kutu kumtia mlowezi Lord Delamere hasara alipojaribu ngano hapahapa. Tangu mwanasayansi wa ngano Norman Borlaug alipokuja 2005, akiwa na miaka 91, kupiga kengele kuhusu Ug99, maelfu ya mistari ya ngano kutoka nchi nyingi imepandwa pale kila msimu ili kuona ipi inaanguka. Sehemu kubwa ya fedha imetoka ng'ambo. Wataalamu wa kituo wanajua mbegu ipi imeanza kulegea. Duka la pembejeo, mwendo mfupi kutoka langoni mwao, halijui.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Kilimo itoe amri ndogo. Kila gunia la mbegu ya ngano liandikwe mwaka mbegu ilipotolewa, kama kinga yake ni ya jeni moja au zaidi, na msimu wa mwisho ilipopimwa Njoro ikasimama. Na wewe unayekwenda kununua mbegu, muulize muuzaji maswali hayo matatu kabla hujatoa pesa.