Mama ntilie alihamia kwenye simu, tozo ikamfuata huko huko



Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilipotangaza kufunga shule, na kesho yake vyuo, mama yangu mdogo alikuwa ameshaloweka maharage kilo nne. Ana kibanda cha chakula nje ya geti la chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Ndani ya siku mbili wanafunzi walikuwa stendi na mabegi yao. Maharage tukala sisi na majirani, na mengine yakamwagwa.

Wiki iliyofuata akapunguza sufuria kutoka tano hadi mbili. Akaanza kupeleka chakula kwa mafundi kwenye nyumba zinazojengwa. Akafungua grupu la WhatsApp: saa mbili asubuhi anatupia humo anachopika, mteja anamtumia hela kwa simu, kijana wa bodaboda anapeleka. Fundi cherehani wa jirani, aliyekosa sare za shule za kushona, akahamia kwenye barakoa za vitenge. Muuza ndoo akawa anazitoboa na kuzifunga koki, anawauzia wenye maduka kwa ajili ya kunawia mikono. Hakuna semina waliyoitiwa. Walijiongeza wenyewe.

Sasa rafiki zetu wa chama tawala wanapenda kusema: "Sisi hatukuwafungia ndani kama nchi nyingine, ndiyo maana biashara zenu zipo hai." Tuwe wakweli, hoja hii ina uzito. Mtu anayekula anachouza leo asingeweza kukaa ndani mwezi mzima. Kwa wenzetu Kenya, kafyu iliumiza wengi.

Lakini kutofunga milango hakukuleta wateja. Mwaka 2019 tulipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi kama laki sita na ishirini elfu. Waulizeni wapagazi wa Moshi na wauza vinyago wa Arusha kama walikuwa "wazi" au "wamefungwa". Kwao ilikuwa kitu kimoja.

Halafu kuna suala la taarifa. Mei 2020 takwimu za wagonjwa zilikatika, tukakaa zaidi ya mwaka gizani. Nasoma sheria, kwa hiyo niwakumbushe Ibara ya 18(d) ya Katiba: kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Mfanyabiashara anaishi kwa taarifa. Anunue gunia au kilo tano? Akope au asubiri? Mama mdogo alikuwa anapanga mtaji wake kwa kuhesabu misiba ya mtaani.

Na msaada? Kenya, pamoja na kafyu yake, ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na kwa miezi kadhaa kutuma kiasi kidogo kwa simu kukawa bure. Hapa kwetu, Mei 2020 Benki Kuu ilipandisha kiwango cha miamala ya simu kwa siku kutoka milioni 3 hadi milioni 5. Ni hatua nzuri kwa mwenye milioni 3. Mama ntilie aliokolewa na kikoba chake, na alipokwama kabisa akaenda kwa wale wa kausha damu.

Sasa njoo Julai 2021. Watu wa chini walikuwa wameshajifunza kuendesha biashara kwenye simu, wamesimama kwa magoti. Zawadi yao ikawa tozo ya miamala. Mteja alipotuma, alikatwa. Mama mdogo alipotoa ili akanunue mchele, alikatwa. Kelele zilipozidi wakapunguza asilimia 30, kana kwamba ni hisani. Wiki chache tu baada ya tozo kuanza, wateja wake watatu walirudi kwenye keshi, na wawili wakaacha kuagiza.

Ibara ya 138 inasema kodi itozwe kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Sheria ilitungwa, sawa. Lakini ilitungwa na Bunge ambalo wapinzani wake walikuwa wa kuhesabika. Ndiyo maana nawaambia vijana wenzangu: Oktoba 2020 hatukupoteza viti tu. Risiti yake ilikuja kwenye simu yako kila ulipotuma hela.

Tufanye nini? Kwanza, tupinge tozo ya aina hii. Pili, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Nenda kwenye kata yako, uliza kwa maandishi: zilitoka shilingi ngapi, akapata nani? Tatu, tudai mikopo hiyo imfikie na mtu mmoja mmoja linapotokea janga, maana corona haikusubiri mtu aunde kikundi.

Janga jingine litakuja. Mama mdogo ameshasema sufuria zake ataziweka tayari. Anachouliza ni kama safari hii Serikali itakuwa upande wake, au itamsubiri tena mbele na mkono wazi.