Kabla Uuze Kamera Yako, Toa Memori Kadi Uisome

Wasee, tuongee ukweli. Karibu kila wiki kuna mtu ananiambia, "Naweka pesa ninunue kamera mpya, hii yangu imezeeka, inajikokota." Namuuliza, unatumia memori kadi gani? Jibu huwa lile lile: "Ya 64." Ya 64 na nini tena? Hiyo ni kama nikuulize matatu yenu inakimbia aje, unijibu ina viti 33.

Msimamo wangu ni huu, na mtu asikasirike: kamera nyingi tunazozitukana hazina makosa. Tumezifunga miguu na kadi ya bei ya chai na mandazi, halafu tunashangaa mbona hazikimbii.

Najua kwa sababu mjinga wa kwanza nilikuwa mimi. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ruracio huko Kiambu. Tukafika ile sehemu kila mtu husubiri: wasichana wamefunikwa leso kichwa mpaka miguu, wamepangwa mstari, na bwana harusi anatakiwa amtambue wake. Jamaa anazunguka, mashangazi wanamcheka, watu wanapiga kelele, na mimi nimefinya shata napiga mfululizo. Akasimama mbele ya mmoja. Nikafinya. Kimya. Nikafinya tena. Kimya. Kataa kekundu nyuma ya kamera kanawaka tu. Leso ikatoka, vigelegele vikapaa, bibi harusi akaangua kicheko, na mimi nimesimama hapo nimeshika kamera kama tofali. Ilipoamka walikuwa washakumbatiana, na fremu yote imejaa mgongo wa mjomba.

Wiki iliyofuata mama ya bibi harusi akanipigia simu. "Mwanangu, ile picha ya leso iko wapi?" Sikuwa na jibu. Nikatukana kamera, nikafungua apu ya mkopo kwa simu, nikabaki kubonyeza tu nikope bodi mpya. Kilichoniokoa ni msee mmoja mkubwa kwa hii kazi. Alitoa kadi yangu, akaiangalia, akacheka, akaweka yake. Kamera ile ile, lenzi ile ile. Ikaamka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Kwa nini? Ukipiga picha, haiendi kwa kadi moja kwa moja. Inaingia kwanza kwenye kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya kamera, inaitwa bafa. Bafa ni kama sinki. Ukimwaga ndoo nzima na shimo la kutolea maji ni jembamba, maji yanasimama. Hilo shimo ndilo kadi yako. Sinki likijaa, kamera inakukatalia kupiga mpaka nafasi ipatikane.

Fanya hesabu. Picha moja ya RAW kwa kamera ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 25. Tuseme bafa inabeba picha 8, hizo ni megabaiti 200. Kadi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itachukua sekunde 20 kuzimaliza. Inayoandika 80 itachukua sekunde 2 na nusu. Sekunde 20 kwa ruracio ni muda wa kumtambua bibi, kumfunua, kumkumbatia, na kina mama kuanza wimbo.

Sasa nije kwa wanaotuuzia. Ile namba kubwa mbele ya kadi, 170 au 200, mara nyingi ni kasi ya kusoma, yaani kutoa picha kupeleka kwa kompyuta. Lakini ukiwa kazini kamera haisomi, inaandika! Kasi ya kuandika, kama imetajwa kabisa, imefichwa nyuma ya paketi kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo. Na kadi za UHS-I, ambazo ndizo nyingi madukani, njia yake ya kawaida inaishia megabaiti 104 kwa sekunde. Zaidi ya hapo unahitaji rida maalum, na kamera yako sio hiyo rida.

Angalia alama ndogo. C10 na U1 zinaahidi kuandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde bila kushuka. U3 na V30 ni 30. V60 ni 60, V90 ni 90. Hiyo ndiyo ahadi ya chini. A1 na A2 ni za apu za simu, usiuziwe kamera kwa hizo.

Naskia mtu akisema, basi wacha ninunue ile ghali kabisa. Hapana, hapo pia unaibiwa. Kadi za UHS-II zina safu ya pili ya vibati nyuma, na njia yake inafika 312. Lakini sloti yako inazijua? Chukua Sony ZV-E10, kamera ambayo mavloga wengi wanaipenda. Sloti yake ni UHS-I. Ukiweka V90 ya UHS-II, itafanya kazi, lakini kwa mwendo wa UHS-I. Na video yake ya 4K ya juu kabisa ni megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 12.5. V30 ya kweli inatosha na inabakisha. Anayekwambia kwa hiyo kamera lazima V90 anakuuzia uoga.

Na tuwe wa haki, kadi haitibu kila kitu. Fokasi ikihangaika gizani, hiyo ni shida ya mwanga, lenzi au kamera yenyewe. Ukipiga sahani ya pilau picha moja moja, hata kadi ya kitambo itakuvumilia. Kadi inakuumiza kwa mfululizo, kwa video, na pale unaposubiri kuona ulichopiga. Kwa hivyo pima. Piga mfululizo mpaka ikwame, hesabu sekunde mpaka ile taa izime. Azima kadi nzuri, rudia. Ni dakika tano na ni bure. Kama sekunde hazijabadilika, sawa, sasa laumu kamera.

Halafu kuna feki. Hizi sio za pole tu, ni za wizi. Kadi ya 8 imechezewa ndani ijitambulishe kama 128. Ukishapita 8, picha zinaharibika au zinafuta zile za mwanzo, na kamera haikwambii kitu. Siku unayonunua, kabla risiti ipotee, ijaze yote kwa H2testw kama uko na Windows, au F3 kwa Mac na Linux. Ni za bure. Zinaandika kadi nzima halafu zinaisoma tena kuona kama kuna uongo.

Kinachoniudhi zaidi ni sisi tunaotengeneza video. Kila siku ni bodi mpya, bodi mpya, kwa sababu bodi ndiyo inaleta watazamaji. Nani atatazama video ya kadi? Na huku kijana wa Umoja anakopa pesa ya miezi sita kutibu ugonjwa wa kadi, anaingiza kadi ile ile kwa kamera mpya, na anakwama vile vile.

Mimi nilinunua kadi yangu kwa mia tano nikajiona mjanja. Yule mama hadi leo hana picha ya binti yake akifunuliwa leso. Ana mgongo wa mjomba. Toa kadi yako sasa hivi, igeuze, soma.