Harufu ya Kuungua Ndani ya Gari

Wengi wetu hapa Chekereni ni abiria tu, na harufu ya kuungua ikianza tunamwachia dereva. Lakini pua tunazo.

Mkitelemka kutoka Marangu au Kibosho na harufu kali ikatoka magurudumuni, ni breki zimechemka. Dereva asimame zipoe zenyewe, asizimwagie maji, kisha ashuke kwa gia ndogo. Mkipanda na mzigo, huenda ni klachi. Huku kwenye mpunga, majani makavu hunasa chini ya gari yakagusa ekzosi, nayo huwaka kweli. Ikinuka plastiki, shuku nyaya: gari lizimwe, watu washuke kwanza.

Ninayoiogopa mimi muuguzi ni harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari. Moshi huo una kaboni monoksidi, ambayo yenyewe hainuki, nayo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtoto akiumwa kichwa, akitapika au akisinzia isivyo kawaida, msiseme ni uchovu wa safari. Simameni, mtoeni nje, na hata akichangamka mpelekeni hospitali. Gari lisipakie mtu mpaka fundi aone bomba lilipotoboka.