Jicho na Piramidi



Mwaka 2022, siku za likizo, twalikuwa Paris, mimi na mama watoto na wanetu wawili: binti wa miaka 13 na nduguye wa miaka 10. Mwaka huo yalifunguliwa huko maonyesho ya Piramidi la Khufu, yaliyotengenezwa kwa msaada wa Bwana Peter Der Manuelian, mtaalamu wa Misri ya kale katika Chuo Kikuu cha Harvard. Vijana walitusihi twende. Nami, nasema kweli, nalitaka kuliko wao. Qur'ani imetuhimiza pahala pengi tusafiri katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia, na nauli ya watu wanne hadi Misri si haba.

Mambo yenyewe ni haya. Unaingia chumba kikubwa kitupu, unavishwa miwani inayoziba macho kabisa. Ndani yake mna picha mbili, moja kwa kila jicho, zenye khitilafu ndogo baina yao. Akili huziunganisha, ikaona kimo na umbali. Ukigeuza kichwa, picha hugeuka pamoja nawe. Ufundi huu siku hizi huitwa uhalisia pepe. Siri ya zile picha mbili aliionyesha Mwingereza Charles Wheatstone mwaka 1838. Na kabla yake sana Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo karibu na mwaka 1040, alikwisha kuandika katika Kitab al-Manadhir kuwa nuru ndiyo iingiayo jichoni, na akaeleza kwa urefu namna jicho linavyokosea. (Waulizeni vijana wetu kama wamepata kulisikia jina lake.)

Kwa muda wa dakika 45 hivi twalitembea kwa miguu yetu katika njia nyembamba za piramidi, tukaingia chumba cha mfalme, tukapanda mashua katika Mto Nile, tukafika kileleni. Piramidi lile lilipojengwa, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, kimo chake kilikuwa mita 146, na mawe yake yakadiriwa milioni 2.3. Hayo nalikuwa nikiyajua kwa kusoma. Walakini nalipotazama chini kutoka kule juu, magoti yalinilegea. Nalijua kuwa nimesimama juu ya sakafu ya chumba, na mguu ukakataa kwenda. Mwanangu alinicheka. Mama yao alifumba macho akanishika mkono, na mkono ule ndio kitu pekee nilichokuwa na yakini nacho.

Hapo nikawakumbuka wachawi wa Firauni. Khabari yao imo katika Sura Taha: kamba na fimbo zao zilionekana kana kwamba zaenda mbio, hata Nabii Musa (a.s.) akaingiwa na khofu nafsini mwake. Kisa hiki nimekisoma tangu chuoni, na siku zote nalikuwa nikiwadharau wale watazamaji waliodanganyika uwanjani. Siwadharau tena. (Khufu si yule Firauni wa Musa, alimtangulia kwa zaidi ya miaka elfu. Naeleza kwa kuwa wengi huwachanganya.)

Lakini si khofu yangu iliyonifanya niandike. Katika safari ile hutokea paka, naye ni Bastet, mmoja katika miungu waliokuwa wakiabudiwa na watu wa Misri. Huyo ndiye awapelekaye wageni hadi kwenye mazishi ya mfalme. Tulipotoka, binti yetu alikuwa kimya. Tukakaa kula, hakula. Mwishowe akasema:

"Baba, yule paka nalimfuata kila alipokwenda, na nalipenda kumfuata. Je, nimeingia katika shirki?"

Wazee wenzangu, jambo jepesi ni kumwambia mtoto, "Ule ni mchezo tu, kula chakula chako." Maneno hayo nalikuwa nayo ulimini. Lakini saa moja kabla yake mimi, mtu mzima, naliogopa shimo lisilokuwapo. Kwa uso gani nimwambie kuwa haikuwa kitu? Nalimjibu kuwa shirki ni kumwabudu asiyekuwa Mwenyezi Mungu, au kumtegemea kama anavyotegemewa Yeye; na yeye hakusujudu wala hakuomba. Kisha nikamwuliza:

"Alipokuwa mbele yako, mwanangu, ulijua kuwa hana uwezo wowote?"

Akafikiri sana. "Nalijua nilipovua miwani, Baba."

Jawabu hilo limenikaa. Mtoto huyu amekhitimu msahafu mara mbili. Mimi si mufti, wala simkatazi mtu kwenda. Mengi tulijifunza mle ambayo kitabu hakikutufunza. Kosa lilikuwa letu sisi wazazi, tuliokata tiketi bila ya kuuliza ndani mna nini. Laiti tungelikaa nao usiku wa kuamkia siku ile, tukawaeleza watu wa Misri waliabudu nini na kwa nini walimtilia mfalme wao mali kaburini, angeliingia akijua.

Jioni tulisali Adhuhuri na Alasiri chumbani, tukikusanya kwa ajili ya safari. Mama yao aliniambia baadaye kuwa yule mdogo, alipokwenda sijda ya kwanza, alipapasa kwanza mkeka kwa kiganja chake, ndipo akaweka paji la uso.