Ufunguo wa Duka Ukae kwa Mwenye Dagaa



Juma hili tunaomba kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana ni la sokoni kuliko la kanisani. Vijana wetu wengi, wakiwamo wa VIWAWA na wale wanaorudi likizo kutoka vyuoni, wana ari ya kuwasaidia akina mama wanaoanika na kuuza dagaa huku mialoni ili nao wawe na duka la mtandaoni. Ari hiyo tunaipongeza bila kusita. Mama wa Katonga au Kibirizi anayemsubiri mchuuzi mmoja aje na bei yake mfukoni hana sauti ya kujadiliana. Akipata wanunuzi wa Dodoma, Arusha na Dar es Salaam wanaomwagiza moja kwa moja, sauti hiyo ataipata. Hata hivyo tuna swali moja ambalo twalitaka liulizwe kabla ya picha ya kwanza kupigwa: duka likishafunguliwa, ufunguo wake utabaki kwa nani?

Duka la mtandaoni halina kufuli wala komeo, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba halina ufunguo. Lakini unao, tena si mmoja. Kuna laini ya simu iliyofungulia ukurasa, kuna nenosiri, kuna namba ya kupokelea malipo, kuna jina la biashara lenyewe, na kuna orodha ya wateja waliokwisha kununua. Mwenye vitu hivyo ndiye mwenye duka, hata kama dagaa wote wameanikwa na mikono mingine.

Mji wetu si mgeni wa swali hili. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, alieleza jinsi watu walivyonunua na kuuza sokoni pale kwa shanga zilizoitwa sofi. Soko lilipoanza, walizunguka watu wenye mikoba iliyojaa shanga, wakiwauzia wale waliotaka kununua vitu. Soko lilipokwisha, watu wale wale walizinunua tena kutoka kwa wauzaji, nao wakapata faida asubuhi na wakapata faida jioni. Mvuvi alikuwa ametoka jasho ziwani, mkulima ametoka jasho shambani, na mwenye mkoba alikuwa ametembea tu. Hatusemi kwamba kazi yake haikuwa na maana, maana bila shanga soko lisingekwenda. Tunasema tu kwamba aliyeshika njia ya malipo hakuhitaji kushika jembe wala wavu.

Tunakifahamu kikundi kimoja cha akina mama, ambacho hatutakitaja jina wala mwalo wake, kilichosaidiwa na kijana mwema kabisa. Alikuja na simu yake, akapiga picha nzuri, akafungua ukurasa kwa laini yake mwenyewe kwa sababu ndiyo iliyokuwapo, na malipo yakawa yanaingia kwenye laini hiyo hiyo kisha anawakabidhi akina mama fedha taslimu. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Baadaye kijana akapata kazi Dar es Salaam, akaondoka na simu yake, kama mtu yeyote angeondoka na simu yake. Maagizo yakaendelea kumfuata huko. Mwanzoni aliagiza mzigo kutoka kwa akina mama. Alipobanwa na kazi akaanza kununua dagaa katika soko la karibu naye na kuwatuma kwa jina la kikundi. Akina mama walikuja kupata habari kutoka kwa ndugu aliyepiga simu kuuliza kwa nini dagaa wao siku hizi wana mchanga na ladha nyingine. Hawakuweza kuufunga ukurasa, wala kuubadilisha, wala hata kuandika humo kwamba dagaa wale si wao. Ikawabidi waanze upya kwa jina jingine, wakati jina lao la kwanza linaendelea kuuza. Wala hatudhani kwamba kijana yule alikusudia kuiba. Hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema ukurasa ule ni wa nani.

Siku hizi jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa laini ya simu nchini mwetu husajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole. Maana yake ni kwamba kidole kilichosajili laini ndicho kinachotambulika laini hiyo ikipotea, ikizuiwa au ikileta ugomvi. Mfadhili anayekuja na laini yake ya ziada mfukoni, akasema tuanze na hii halafu tutabadilisha baadaye, amekwisha kulifanya duka kuwa lake bila kujua. Vivyo hivyo kwa jina la biashara: aliyelisajili BRELA ndiye atakayesikilizwa. Ni heri kuchelewa wiki mbili, kikundi kikae, kimchague mama mmoja kwa muhtasari ulioandikwa na kutiwa sahihi, laini isajiliwe kwa kidole chake, na nenosiri lijulikane na mama wa pili.

Wako wanaotujibu kwamba akina mama hawa hawajui simu janja, na kwamba ukiwaachia nenosiri watalisahau au watatapeliwa. Hofu ya utapeli ni ya kweli, hatuidharau. Lakini wanawake hao hao wanaendesha VICOBA, wanajua nani anadaiwa shilingi ngapi na tangu lini, na wanapokea na kutuma fedha kwa simu kila siku. Asiyesoma haraka anaweza kumjibu mteja kwa ujumbe wa sauti. Kinachokosekana mara nyingi ni subira ya mwalimu. Ni rahisi zaidi kumfanyia mama kazi kwa dakika 5 kuliko kukaa naye mchana kutwa mpaka aifanye mwenyewe, na huo mchana kutwa ndio msaada tunaoutaka.

Sasa tuje kwenye bidhaa, maana picha nzuri haijawahi kumwondolea mtu mchanga mdomoni. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga hadi sufuriani. Mpishi wa kwetu amezoea, atawachambua na kuwaosha kwa maji mengi. Mnunuzi wa mbali hataosha mara tatu. Atakula mara moja na hatarudi. Kuanika juu ya vichanja, kama FAO na wataalamu wa uvuvi walivyohimiza pande za Burundi na kwetu, kunampa mama dagaa safi, wanaokauka upesi, na wenye bei bora. Kikundi ambacho hakijawa na vichanja kijenge vichanja kwanza. Duka litangoja.

Kipimo nacho. Sokoni kwetu dagaa huuzwa kwa kopo, kisado na debe, na mkono wa muuzaji huongeza au hupunguza kadiri anavyomwona mteja usoni. Mteja wa mtandaoni haonekani uso, naye ameambiwa kilo moja. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa zama zake kwa kuchezea vipimo, na wale walikuwa na wateja waliosimama mbele yao wakitazama. Mizani inayoaminika, na picha ya mfuko ukiwa juu ya mizani hiyo, vitauza kuliko maneno matamu kumi.

Halafu kuna mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa taa hazina nguvu ya kuwakusanya, hivyo wavuvi hupumzika siku kadhaa katika kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mtu wa Dodoma hayajui haya. Anaona picha, anatuma fedha, anategemea mzigo. Duka la namna hii lazima liwe na ujasiri wa kuandika kwamba leo hakuna dagaa, na lisipokee fedha ya dagaa ambao bado wako majini. Tunaona aibu kulisema, lakini biashara nyingi changa huzikwa hapa: fedha ya agizo la leo hulipia deni la jana, mzigo huchelewa, na mteja huwaita wenzake wote matapeli wa Kigoma.

Jina la Kigoma ni mali. Tangu reli ilipofika hapa mwaka 1914 mizigo yetu husafiri yapata kilometa 1,250 hadi pwani, na kwa muda mrefu dagaa wa Kigoma wametajwa kwa heshima katika masoko ya huko. Ndiyo sababu hata dagaa ambao hawajawahi kuliona ziwa letu huitwa wa Kigoma. Katika miaka ya 2000 kahawa ya wakulima wa Kalinzi na vijiji jirani iliuzwa Marekani na kampuni ya Green Mountain Coffee Roasters, kwa ushirikiano na Taasisi ya Jane Goodall, ikibeba jina la Gombe. Watu wasiojua Kalinzi iko upande gani wa dunia waliipenda kahawa ile pia kwa ajili ya habari ya sokwe na misitu yao. Mama wa Katonga naye anayo habari ya kusimulia, tena haihitaji kutiwa chumvi: mwalo gani, kichanja kipi, wameanikwa tarehe ngapi. Mwigaji wa sokoni hawezi kuonyesha kichanja asichokuwa nacho.

Juu ya ukubwa wa duka, ushauri wetu ni wa kibahili. Baadhi ya vijana huja na michoro ya tovuti kubwa inayolipiwa kwa dola kila mwezi. Jumia, iliyokuwa na mtaji wa kimataifa, ilifunga shughuli zake Tanzania mnamo Novemba 2019; sisi na vichanja vyetu vinne hatuna sababu ya kuanza na ukubwa huo. Simu moja ya kikundi, orodha ya bidhaa kwenye WhatsApp yenye bei na uzito, namba ya kulipia, na daftari la karatasi la wateja, hilo tayari ni duka. Wateja 30 wanaorudi kila mwezi watawalisha watoto wengi kuliko wapita njia 3,000 wanaobonyeza kidole gumba. Habari za vifungashio na alama ya ubora waulizwe SIDO na TBS hapa hapa nchini, mapema. Na yeyote asiahidi kutuma Ulaya kwa sababu tu kuna binamu aliyepo huko. Bidhaa za samaki zina masharti mazito kule, na kifurushi kilichozuiwa mpakani hakirudishi nauli.

Limebaki la malipo ya huyo anayesaidia, ambalo huku kwetu hulionea haya. Tunashauri kijana alipwe. Akifanya bure, baada ya miezi mitatu ataanza kuona ukurasa ule ni jasho lake, na hatakuwa amekosea sana. Wakubaliane tangu mwanzo: kazi ni siku ngapi, ujira ni kiasi gani, nani analipia bando, na tarehe gani anakabidhi. Aende mwaloni asubuhi wakati dagaa wanaanikwa, atangulize mizani kabla ya kamera, akae hapo mpaka mama apige picha mwenyewe, aandike bei mwenyewe na apokee agizo moja bila kushikwa mkono. Siku ya makabidhiano wabadilishe nenosiri yeye akiwa amesimama pembeni, wamlipe chake, na wamfungie kilo moja ya dagaa, ipimwe kwenye mizani ile ile.