Binti Yetu na Kinanda

Mwezi huu tunawasimulia kosa letu wenyewe, maana kosa la mzazi likisemwa humsaidia mzazi mwenzake.

Binti yetu ana miaka 11. Alipoanza kujifunza kinanda, mwalimu wa kwaya hapa Mpepai alitaka aanze na ngazi za sauti. Sisi tukaona huko ni kupoteza muda. Tukamhimiza akariri wimbo mmoja wa matoleo ili tumwone akipiga kanisani. Akaukariri kwa vidole viwili. Jumapili ilipofika, kidole kikateleza katikati ya ubeti, akapotea, asijue pa kurudia. Kwaya ikamaliza bila kinanda. Nyumbani, badala ya kumfariji, tukamgombeza. Wiki tatu hakukigusa tena.

Tulipokwenda kwa mwalimu, alituuliza: "Je, ngolo huanza kwa kupanda maharagwe?" Tukanyamaza. Huku Umatengo kila mama anajua kwamba nyasi hufyekwa kwanza, hupangwa kwa miraba, ndipo sisi hufukua udongo na kuzifunika. Maharagwe huja baadaye, nayo hustawi kwa sababu ya kile kilichofukiwa chini. Ngazi na mazoezi ya vidole ndizo nyasi za mpiga kinanda.

Basi tukaanza upya, na haya ndiyo tuliyojifunza pamoja naye.

Kwanza, ngazi. Kutoka do hadi do ya juu kuna sauti 8, lakini mkono una vidole 5. Mkono wa kulia hupiga do, re, mi kwa gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kisha gumba hupita chini ya kidole cha kati na kushika fa, na vidole vingine humalizia so, la, ti, do. Mkono wa kushoto hupanda kwa kuanza na kidole cha mwisho. Gumba likifika so, kidole cha kati huruka juu yake na kushika la. Mtoto afanye polepole, mkono mmoja mmoja, kabla ya kuunganisha yote miwili.

Pili, kodi, yaani sauti tatu zinazopigwa pamoja: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Kwa kodi hizi 3 mtoto anaweza kusindikiza nyimbo nyingi nyepesi.

Tatu, mkono wenyewe. Vidole vijikunje kama vimeshika chungwa, na kifundo kilegee. Mkono ukiuma, apumzike. Dakika 15 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi.

Mtasema: kinanda kiko kanisani, nyumbani hakuna. Kwetu pia hakuna. Tulichukua kadibodi, tukapima sentimita 16 na nusu, tukachora vibao 7 vyeupe, na juu yake 5 vyeusi, viwili pamoja na vitatu pamoja. Kisha tukachora seti ya pili kando yake, ili do ya juu nayo ipatikane. Kadibodi haitoi sauti, lakini vidole hujifunza njia yake, na mtoto huimba do re mi mwenyewe huku akigusa.

Mama huhitaji kujua muziki ili kusaidia. Mhesabie moja, mbili, tatu, nne. Akikosea, mwache arudie bila makofi. Zaidi ya yote, mpe nafasi. Msimu wa kuchuma kahawa binti yetu alirudi shambani amechoka, na bado vyombo na maji vilimngoja yeye peke yake. Sasa kaka yake huchota maji, naye hupata dakika zake 15 kabla giza halijaingia.

Mwezi uliopita alipiga tena kanisani. Katika ubeti wa pili alikosea. Hakusimama. Alishika do-mi-so, akaisikiliza kwaya, akaungana nayo kwenye kiitikio. Waumini wengi hawakugundua lolote. Sisi tuligundua, na tulipofika nyumbani tulimwomba msamaha kwa ile Jumapili ya kwanza.

Mama mwenzetu, kama una mtoto anayependa kinanda, usimdai wimbo leo. Mdai ngazi moja iliyo safi. Wimbo utakuja.